John Newton: Mtu Aliyelishwa na Watumwa



Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, leo tutazungumza juu ya mtu mwenye jina ambalo watoto wetu wanalikuta shuleni katika somo la fizikia: Newton. Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakuambia kwamba Newton ndiye aliyefundisha sheria za mwendo na nguvu ya dunia ya kuvuta vitu. Huyo ni Isaac Newton, aliyefariki mwaka 1727. Lakini mimi nataka kuwaelezeni Newton mwingine, ambaye Isaac alipofariki alikuwa bado mtoto mchanga, hajatimiza miaka miwili. Huyu ni John Newton, mwandishi wa ule wimbo wa neema ya ajabu ambao tunauimba kwenye mazishi, kwenye ubatizo, na siku tunapoagana na ndugu anayekwenda mbali.

Jina lenyewe lina maana. Katika Kiingereza cha zamani Newton ni mji mpya, au makazi mapya. Vijiji vingi vya Uingereza viliitwa hivyo, na watu waliotoka katika vijiji hivyo wakachukua jina, hata kama hawakuwa ukoo mmoja. Jina hilo lilivuka bahari pia. Katika kisiwa cha Barbados kulikuwa na shamba la miwa lililoitwa Newton, kwa jina la tajiri Samuel Newton aliyelimiliki katika karne ya 17. Wataalamu waliochimba hapo wamekadiria kwamba watumwa wapatao 570 walizikwa katika uwanja mmoja wa shamba hilo. Kwa hiyo jina moja lilibebwa na mwanasayansi mkubwa, na mwenye shamba la watumwa, na mchungaji. Nanyi mtaona kwamba katika maisha ya huyu mchungaji, mambo hayo ya utumwa na ya Injili yalikaa pamoja kwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kusikia.

UTOTO WAKE

John alizaliwa London mwezi wa saba mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali, ambaye kila mara alikuwa safarini. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu. Alimfundisha mtoto kusoma, akamkaririsha maandiko na nyimbo za kiroho, na tumaini lake lilikuwa kwamba siku moja mwanawe atakuwa mhubiri. Lakini mama alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu. Alifariki mwaka 1732, siku chache kabla ya John kutimiza miaka saba.

Baba alioa tena. Mtoto alipelekwa shule ya bweni kwa muda mfupi, na alipofikisha miaka 11 baba akamchukua baharini. Huko alijifunza kazi ya meli, na alijifunza pia matusi na dhihaka za mabaharia. Kadiri alivyokua, alitupa imani ya mama yake. Kisha akawa mtu wa kuwashawishi wengine waitupe yao. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba jambo hilo lilimwumiza kuliko mengi, kwa sababu kuna kijana mmoja aliyempotosha ambaye hakurudi.

Mwaka 1744 alikamatwa barabarani na askari wa majini. Siku zile serikali ya Uingereza ilikuwa na desturi ya kukamata vijana kwa nguvu na kuwaingiza katika meli za vita bila hiari yao. Wengi wetu tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Alijaribu kutoroka, akakamatwa, akapigwa viboko mbele ya mabaharia wote, akashushwa cheo. Mwaka 1745 nahodha wake alichoshwa naye, akambadilisha na baharia wa meli nyingine. Meli hiyo ilikuwa ikielekea Afrika ya Magharibi kununua watu.

KATIKA VISIWA VYA SIERRA LEONE

Huko pwani ya Sierra Leone Newton aliacha meli, akaingia kazini kwa mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa, akitumaini kutajirika kama yeye. Walikaa katika Visiwa vya Plantain. Mzungu huyo alikuwa akiishi na mwanamke Mwafrika wa jamaa ya watu wakubwa wa pwani ile, na mwanamke huyo hakumpenda Newton tangu mwanzo. Bwana wake aliposafiri, Newton alishikwa na homa kali. Alilala juu ya mkeka, kichwa chake juu ya gogo. Alinyimwa hata maji. Homa ilipopungua, alipewa makombo kutoka katika sahani ya yule mwanamke. Siku moja mikono ilitetemeka, sahani ikaanguka, na hakupewa nyingine. Usiku alikuwa akitambaa kwenda shambani kung'oa mizizi na kuitafuna mbichi, nayo ilimharibu tumbo.

Bwana wake aliporudi, mambo hayakuwa afadhali. Mfanyabiashara mwingine alimsingizia Newton kwamba anaiba, na bwana akamwamini. Tangu siku hiyo, kila alipotoka chomboni alimfunga Newton kwa mnyororo juu ya sitaha, na kumwachia kipimo kidogo cha wali kwa siku nzima, juani na mvuani, na nguo zake zikiwa shati moja, suruali moja, na kitambaa cha kichwa.

Sasa, wapendwa, shikeni jambo hili moja, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii. Katika siku zile za njaa, watu waliomsaidia Newton walikuwa ni watumwa wenyewe. Watu waliofungwa minyororo, wanaongoja kuuzwa, walimletea chakula kwa siri. Walikitoa katika mgao wao wenyewe, ambao ulikuwa mdogo, na kama wangeonekana wangeadhibiwa. Newton hakutuachia majina yao. Hatujui walikuwa wa kabila gani wala waliishia wapi. Tunachojua ni kwamba walimwona mgeni mwenye njaa, mtu wa taifa la wale wanaowanunua, wakamgawia.

Sisi tunaoishi kwa mgao tunajua uzito wa jambo hilo. Tunajua kikombe kimoja cha unga ni nini mwishoni mwa mwezi. Kumpa jirani kikombe hicho ni kazi. Kumpa mtu wa upande wa adui ni kazi nyingine kabisa.

KITABU NA MICHE YA NDIMU

Katika taabu hiyo Newton alikuwa na kitabu kimoja tu. Hakikuwa Biblia. Kilikuwa kitabu cha hesabu za maumbo, cha Euclid, kilichotayarishwa na mwalimu aliyeitwa Isaac Barrow. Huyo Barrow ndiye aliyekuwa profesa wa hesabu huko Cambridge, na mwaka 1669 aliacha nafasi yake ikachukuliwa na Isaac Newton. Kwa hiyo kitabu cha mtu aliyemtangulia Newton wa kwanza kilimfikia Newton wa pili kwenye kisiwa cha watumwa. John alikuwa akienda pembeni ya ufuo na kuchora pembetatu mchangani kwa kijiti. Kwa njia hiyo akajifunza sehemu kubwa ya kitabu kile. Vijana wetu mnaosoma bila madawati, mkumbuke mchanga ule.

Siku moja bwana wake alimwamuru kupanda miche ya ndimu. Yule bwana na mwanamke wake wakapita, wakamdhihaki kwamba huenda miti hiyo itakapozaa, yeye atakuwa ameshakwenda Uingereza na kurudi akiwa nahodha, aje achume matunda. Waliona ni mzaha wa ajabu. Lakini miaka michache baadaye ndivyo ilivyotokea kweli. Newton alirudi akiwa nahodha wa meli, na akachuma ndimu za kwanza za miti ile.

Wahubiri wengi wanapenda kusimulia habari ya ndimu hizo kama mfano wa Mungu kumwinua mnyonge. Mimi pia nimewahi kuihubiri hivyo. Lakini tujiulize: alirudi na meli ya nini? Subirini kidogo, tutafika.

DHORUBA YA MWAKA 1748

Baba yake Newton hakumsahau. Aliwaomba wenye meli wamtafute mwanawe, na meli moja iitwayo Greyhound ikampata pwani. Wakati huo Newton alikuwa amehamia kwa bwana mwingine aliyemtendea vema, na hakuwa na hamu ya kuondoka. Nahodha ilibidi amdanganye kwamba kuna urithi mkubwa unamngoja. Kilichomvuta zaidi ni msichana aliyeitwa Mary Catlett, ambaye alimpenda tangu mwaka 1742 na hakuacha kumfikiria. Akapanda meli.

Katika safari ya kurudi aliendelea na matusi hata nahodha, ambaye mwenyewe alikuwa baharia, alishtuka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1748, kwa kalenda ya zamani ya Waingereza, dhoruba kali iliipiga meli katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Newton aliamshwa na maji yakiingia alipolala. Alipokuwa akipanda ngazi kwenda juu, nahodha alimrudisha achukue kisu. Mtu mwingine akapanda mahali pake, na huyo alisombwa na maji papo hapo.

Mbao za ubavu wa meli zilikuwa zimepasuka. Waliziba matundu kwa nguo na matandiko. Kama si kwamba shehena ilikuwa na nta na miti myepesi inayoelea, wangezama. Newton alijifunga kwa kamba asichukuliwe na mawimbi, akapiga pampu tangu alfajiri hadi adhuhuri. Aliposhindwa, walimweka kwenye usukani hadi karibu na usiku wa manane. Ni katika saa hizo za usukani ndipo maneno ya mama yake yalipomrudia, na akaanza kuomba, akiwa hana hakika kama mtu kama yeye anaweza kusikilizwa.

Dhoruba ilipita lakini taabu haikuisha. Walipeperushwa wiki kadhaa bila matanga ya kutosha, chakula kikaisha wakabaki na samaki wa chumvi. Nahodha alirudia kusema kwamba Newton ni Yona wao, na kwamba akitupwa baharini wengine watapona. Tarehe 8 Aprili waliingia Lough Swilly huko Ireland, chakula chao cha mwisho kikiwa kinachemka jikoni. Maisha yake yote Newton aliadhimisha siku ile ya dhoruba kila mwaka kwa kufunga na kushukuru.

MIAKA AMBAYO HATUPENDI KUISIMULIA

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wanasema alipookoka dhoruba aliacha utumwa, akaandika wimbo. Haikuwa hivyo.

Mwaka huohuo wa 1748 Newton alirudi Afrika akiwa msaidizi mkuu wa nahodha katika meli ya watumwa. Februari 1750 alimwoa Mary. Kuanzia Agosti 1750 hadi 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha, akitoka Liverpool, akinunua watu katika pwani ileile alikolishwa na watumwa, na kuwavusha hadi visiwa vya Karibi. Hiyo ndiyo meli aliyorudi nayo kuchuma ndimu.

Tena alikuwa mtu wa sala. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia wake juu ya sitaha kwa ibada. Chini ya miguu yao, watu walikuwa wamelala katika minyororo. Aliandika barua nzuri za upendo kwa mkewe. Aliandika pia daftari la safari, na humo, mtumwa alipofariki, aliandikwa kwa namba na kutupwa baharini. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1962, nalo linaonyesha kwamba mwaka 1752, alipogundua mpango wa uasi, aliwatia wavulana katika vyuma vya kubana vidole gumba ili waseme.

Je, alikuwa mnafiki? Nimefikiri sana juu ya swali hilo. Naona ni baya zaidi ya unafiki. Alikuwa mkweli katika sala zake, na hakuona. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria za nchi yake, wakubwa wa kanisa waliinyamazia, na wenye meli walikuwa watu wa heshima. Alichoomba Mungu ni kazi nyingine ya kumkalisha karibu na mkewe. Mwezi wa 11 mwaka 1754, siku mbili kabla ya safari nyingine, alianguka ghafla akapoteza fahamu kwa muda, na madaktari wakamshauri asisafiri. Hivyo aliacha meli kwa ugonjwa, si kwa toba ya jambo hilo.

KUTOKA FORODHANI HADI MADHABAHUNI

Mwaka 1755 alipata kazi ya mkaguzi wa forodha katika bandari ya Liverpool. Alitumia nafasi yake kujifunza Kigiriki na Kiebrania peke yake. Akaona wito wa uchungaji, lakini hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alionekana kushirikiana mno na watu wa uamsho. Tangu mwaka 1758 aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Ilichukua miaka sita. Hatimaye, kwa msaada wa tajiri mmoja mwenye cheo, Lord Dartmouth, aliwekewa mikono mwaka 1764 na kupelekwa Olney.

Olney ulikuwa mji mdogo wa maskini, wengi wakiwa wafuma lesi waliofanya kazi saa nyingi kwa malipo kidogo. Newton aliwatembelea majumbani, akafundisha watoto, akaanzisha mikutano ya maombi ya katikati ya wiki. Watu walijaa hata ikabidi kanisa liongezwe roshani ndani. Yeye na Mary hawakujaliwa kuzaa, wakawalea wasichana wawili yatima wa jamaa yao. Mmoja aliwafia akiwa bado mdogo.

Mwaka 1767 alihamia hapo mshairi William Cowper, mtu mwenye kipawa kikubwa na ugonjwa wa huzuni uliomfanya mara kwa mara atamani kufa. Newton alimfanya rafiki. Wakatunga pamoja nyimbo za ibada, kila moja ikifuata somo la wiki. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1773, Newton alihubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kustaajabu kwamba ametolewa mbali na kufikishwa hapo. Wimbo alioutunga kwa somo hilo ndio ule ambao Waingereza wanauita Amazing Grace. Mwezi huohuo Cowper aliangukia tena katika giza lake. Newton hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpokea nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Enyi wazee wa kanisa, hili tulishike. Kuna majeraha ya moyo ambayo maombi ya siku moja hayayamalizi, na mgonjwa huhitaji nyumba kabla ya kuhitaji mahubiri.

Nyimbo zao 348 zilichapishwa mwaka 1779. Wimbo wa neema haukuwa maarufu mwanzoni huko Uingereza. Ulipata nguvu huko Marekani, na tuni tunayoijua iliunganishwa nao mwaka 1835 katika kitabu cha William Walker, wakati Newton alikuwa ameshafariki zamani. Wazao wa wale waliovushwa katika meli kama zake waliupokea wakaufanya wao. Hilo nalo ni neema, na haikutoka kwa Newton.

HATIMAYE ALISEMA

Mwaka 1780 Newton alihamia London, katika kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya mabenki na wafanyabiashara. Desemba 1785 alijiwa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameokoka karibuni na kufikiri aache siasa aingie kazi ya kanisa. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwa kuwa Mungu anaweza kumtumia hapohapo. Miaka miwili baadaye Wilberforce alianza vita vyake dhidi ya biashara ya watumwa.

Ndipo mzee akatakiwa kufungua kinywa. Mwaka 1788 Newton alichapisha kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Tangu aache meli ilikuwa imepita miaka 34. Alianza kwa kukiri kwamba toba yake imechelewa, na kwamba hawezi kufuta aliyoyafanya. Kisha akaeleza. Alieleza jinsi watu walivyolazwa chini ya sitaha wakibanana kama vitabu katika rafu. Alieleza vyuma vya vidole alivyoviona. Alieleza habari ya msaidizi mmoja wa meli aliyemnyang'anya mama mtoto wake anayelia usiku na kumtupa baharini, kwa sababu kilio kilimnyima usingizi. Nakala zilipelekwa kwa wabunge. Mwaka huohuo alihojiwa mbele ya baraza la mfalme, na mwaka 1790 mbele ya kamati ya Bunge. Wenye mali walikuwa wakisema kwamba watumwa wanasafiri kwa raha. Sasa alisimama mtu aliyekuwa nahodha, mchungaji anayeheshimiwa, akasema sivyo, mimi nilikuwepo.

Mary alifariki kwa saratani Desemba 1790. Newton aliendelea kuhubiri hata macho yakamfifia na kumbukumbu zikamtoka, na waliomsihi apumzike hakuwasikia. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika milki ya Uingereza ilipitishwa. Newton alikuwa hai. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 82. Watumwa wenyewe katika makoloni ya Waingereza walianza kufunguliwa mwaka 1834.

Habari hii inatufikia na sisi. Newton alikuwa mmoja wa wachungaji wa London walioanzisha mwaka 1783 chama cha mazungumzo, na mwaka 1799 kutoka chama hicho ikazaliwa jumuiya ya misheni ya CMS. Jumuiya hiyo ndiyo iliyomtuma Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Na katika miaka ile ya Krapf, babu zetu wa Manyema na wa pande za Tanganyika walikuwa bado wakifungwa minyororo, wakipitishwa Ujiji, wakitembezwa hadi Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kwa hiyo tusisome habari hizi kama hadithi ya watu wengine.

TUNAJIFUNZA NINI?

Newton aliandika mwenyewe maneno ya kuwekwa kwenye kaburi lake. Alijitaja kuwa zamani alikuwa mkanaji Mungu, na mtumishi wa watumwa huko Afrika, akarehemiwa. Angalieni: alitaja jinsi alivyoteswa, hakutaja jinsi alivyotesa. Hata mtu mkubwa wa neema, jiwe lake lina pengo. Pengo hilo lilijazwa na kijitabu cha mwaka 1788, na mengine na daftari lake.

Nasema haya kwa sababu katika mabenchi yetu tumeketi pamoja. Yupo aliyekimbia nyumba ikiwaka. Na inawezekana yupo aliyeshika kiberiti, au aliyeonyesha njia, au aliyenyamaza alipojua. Tumeimba wote wimbo ule, kwa sauti moja. Neema ni ya wote, na mimi sitafunga mlango ambao Bwana ameufungua. Lakini Zakayo, katika Luka 19, siku ileile alitaja aliowadhulumu na kusema atarudisha. Newton alichukua miaka 34, na katika miaka hiyo meli hazikusimama, na watu waliendelea kufa chini ya sitaha. Kuchelewa kusema kweli hulipwa na mtu mwingine.

Na kwa ninyi mlioumizwa: hakuna andiko linalowalazimisha kusahau kwa haraka ili mwenye kosa apate usingizi. Mungu aliyewaona wale watumwa waliogawa wali wao, ingawa hakuna aliyeandika majina yao, anawaona ninyi pia. Kwake hakuna mtu wa namba.

Mimi nikiulizwa ni nani shujaa wa habari hii, sitamtaja Newton kwanza. Nitawataja wale. Walikuwa hawana kitu, hawana uhuru, hawana kesho, na wakampa adui mwenye njaa chakula chao. Kama wasingempa, huenda angekufa kisiwani, na wimbo usingekuwepo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani aliyekulisha wewe katika safari yako ya kukimbia, na je, umewahi kuwasimulia watoto wako habari zake?

2. Kuna jambo gani halali machoni pa watu leo, hata kambini kwetu, ambalo tunalinyamazia huku tukisali juu yake kama mabaharia wa Newton?

3. Someni Luka 19:1-10. Je, kuna mtu ambaye unatakiwa kumwendea wiki hii, kabla miaka haijawa 34?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae na kila nyumba. Amina.